Chombo Husomwa Mdomoni

Katika maduka ya Sigor, huku Chepalungu katika kaunti ya Bomet (iko Sigor nyingine Pokot Magharibi, lakini nazungumzia hii), vyombo vinavyoweza kuchachushia bia huuzwa kwa kazi nyingine kabisa. Mtungi wa manjano wa lita 20 ni wa kuchotea maji. Ndoo yenye kifuniko ni ya kuwekea unga. Pipa la buluu ni la kukingia mvua. Hakuna hata kimoja kilichoundwa na mtu aliyekuwa akiwaza pombe, kwa hiyo anayetaka kupika bia ya shayiri nyumbani hapati maelezo yoyote yaliyobandikwa ubavuni mwa chombo. Itambidi asome umbo lenyewe: mdomo, shingo, mabega, tumbo, kitako, na ajiulize kila sehemu inafanya nini na inazuia nini. Kazi hiyo ni uhakiki kamili. Mhakiki wa utenzi huuliza kwa nini ubeti una mishororo minne na si sita, naye anayechagua chombo huuliza kwa nini shingo ni nyembamba na kitako ni cha duara, na wote wawili hawaridhiki na jibu kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Ninashikilia kwamba umbo la chombo cha kuchachushia linaanzia mdomoni, na kwamba upana wa mdomo huamuliwa na muda. Pombe ya siku mbili inavumilia mdomo mpana. Pombe ya wiki tatu inataka mdomo unaofumbika. Ukishalielewa hilo, vyombo vya Afrika Mashariki ambavyo kwa macho ya haraka havina uhusiano wowote vinaanza kueleweka kimoja baada ya kingine, na ndoo na mitungi ya dukani inaweza kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Tuanze na kinachotendeka ndani. Kimea cha shayiri kikishalowekwa katika maji ya moto, kikachujwa, yale maji matamu yakachemshwa na hopsi, maua ya kuitia bia uchungu, kisha yakapozwa, kinachobaki hakina mlinzi. Kila kijidudu kilichomo hewani kinakitamani. Hamira ikitiwa hula sukari na kutoa pombe na kaboni dioksidi kwa uzito unaokaribia kulingana. Bia ya nguvu ya kawaida, lita 20, hutoa kiasi cha lita 400 za gesi katika siku chache. Gesi hiyo isipopata njia, chombo kitapasuka au kifuniko kitaruka. Ikipata njia, katika siku za mwanzo inakuwa ngao yenyewe, kwa sababu inatoka kwa wingi na kuisukuma hewa ya kawaida nje. Hatari inakuja mwishoni. Hamira ikishatulia, mkondo wa gesi hukoma, hewa ya nje hurudi, na pamoja nayo oksijeni inayochakaza ladha ya bia na kuwapa nafasi bakteria wa siki, ambao bila oksijeni hawafanyi kitu. Basi mdomo wa chombo unatakiwa uwe mlango wa kutokea tu, usiwe wa kuingilia, na uwe hivyo hata siku ambayo hakuna anayesukuma kutoka ndani.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji atazame sotet, kibuyu cha Wakipsigis. Kimejulikana duniani kwa sababu ya mursik, maziwa ya mgando ambayo wanariadha hunyweshwa wanapotua uwanja wa ndege na medali shingoni, na picha hizo zimetuzoesha kukiona kama pambo la sherehe. Kikitazamwa kama chombo cha kuchachushia, ni moja ya maumbo yaliyofikiriwa kwa undani zaidi katika nchi hii. Uchaguzi wake unaanzia shambani. Mung'unye unaoning'inia kwenye ugo hunyooka shingo, na unaolala chini hupinda, kwa hiyo anayeutunza mmea anachagua chombo kabla hakijakomaa. Shingo ndefu nyembamba ina maana kwamba sehemu ya maziwa inayogusana na hewa, kibuyu kikijazwa hadi shingoni, ni ndogo sana, pengine upana wa sarafu chache, wakati tumboni mna lita mbili au tatu. Kifuniko hukaa juu kwa kushikiliwa na ngozi, kikifunga vya kutosha kuzuia vumbi na inzi, na kulegea vya kutosha kuachilia gesi. Kwa ndani hakuna pembe hata moja. Tumbo linapinda kuelekea kitako, kitako kinapinda kurudi tumboni, na mabaki hayapati kona ya kujificha.

Lakini shingo hiyo hiyo inayozuia hewa inazuia pia mkono. Umbo lingekuwa na kasoro kubwa hapo kama lingeishia kwenye kibuyu. Haliishii. Ipo sosiot, kijiti cha mkindu kilichopondwa ncha hadi ikawa nyuzi ngumu, kirefu cha kutosha kupita shingoni na kufika kitakoni, na chenye kunyumbulika kiasi cha kusugua ubavu wa tumbo. Kwa kijiti hicho kibuyu huoshwa, kisha makaa ya mti wa senetwet huingizwa ndani na kusagwa ukutani mpaka uso wote wa ndani unapakwa masizi laini meusi. Masizi hayo huziba vitundu vya ukuta, moshi wake hupunguza vijidudu, na maziwa hupata ile rangi ya kijivu na harufu inayowafanya watu wa Bomet walio Nairobi kuagiza kutoka nyumbani. Ninachosisitiza ni kwamba kibuyu na sosiot ni chombo kimoja chenye vipande viwili. Aliyeikubali shingo nyembamba alijua atadaiwa njia ya kuisafisha, akalipa deni hilo palepale. Nadhani hakuna somo la umbo lenye manufaa zaidi kwa anayesimama dukani leo: usiutathmini mdomo kabla hujajua ni kitu gani kitapita hapo kwenda kusugua ndani.

Sisemi kwamba bia ya shayiri itiwe kwenye sotet. Ukuta wa kibuyu, hata ukipakwa masizi, unabaki kuwa mti wenye vinyweleo, na vijidudu vya wiki iliyopita hukaa humo vikisubiri vya wiki hii. Kwa mursik jambo hilo ndilo linalofanya kila nyumba iwe na ladha yake. Kwa bia iliyopangwa kuchachushwa na hamira moja iliyochaguliwa, ni kumwalika mgeni usiyemjua. Na hata kwa mursik suala hili si jepesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta ndani ya mursik pombe pamoja na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani, na watafiti wakauliza kama jambo hilo lina mchango katika saratani ya umio, ugonjwa ambao madaktari wa hospitali ya Tenwek pale Bomet wameupigania kwa miaka mingi. Waliuliza bila kuhukumu, na mimi sitawazidi. Inatosha kujua kwamba chombo kinachohifadhi vijidudu vyake chenyewe kinahifadhi vyote, vizuri na vibaya, na mwenye nyumba hana njia ya kuvichambua.

Majirani zetu Wakikuyu walikuwa na njia ya kupunguza tatizo hili, na mimi naiona kuwa ya werevu mkubwa. Pombe yao ya asali, muratina, ilichachukia kwenye kibuyu kikubwa kilichowekwa karibu na moto, ila chachu yenyewe haikuachwa ikae ukutani. Ilikaa ndani ya tunda la mwegea lililokaushwa. Pombe ikiiva, tunda hutolewa, hukaushwa, hutunzwa hadi pombe nyingine. Kwa namna hiyo chachu ilitenganishwa na chombo: kibuyu kinaweza kuoshwa kwa ukali wowote unaotaka, maana mbegu ya pombe ijayo imetundikwa mahali pengine. Anayenunua hamira ya pakiti leo anaendeleza utengano huo huo, na ndiyo maana anaweza kudai chombo kisicho na kumbukumbu yoyote, chenye ukuta laini usioshika kitu.

Tuje sasa kwenye mdomo mpana. Busaa, inayopikwa kote magharibi mwa Kenya, hufuata njia ndefu kabla ya kufika kwenye pipa. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji na kuachwa uchachuke siku kadhaa hadi uwe mkali, kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka uwe wa kahawia. Moto huo hufanya kazi mbili kwa pamoja: huua bakteria waliouchachua na huivisha wanga ili kimea kiweze kuugeuza sukari, ilhali asidi yao hubaki ndani ya unga. Ndipo unga huo hutiwa maji na kimea cha wimbi, na kati ya siku mbili na nne pombe iko tayari kuchujwa. Pipa lake lina mdomo uliofunguka wote, na mgeni anaweza kuuona kuwa uzembe. Ukiusoma vizuri, unaona sababu. Kinachochachuka ni uji mzito. Lazima ukorogwe kwa mti mrefu, uchotwe kwa ndoo, ukamuliwe kwenye gunia. Shingo nyembamba ingezibwa na makapi siku ya kwanza. Ulinzi wa busaa hautoki mdomoni, unatoka kwenye ukali wa asidi iliyotangulia na kwenye haraka ya wanywaji. Pombe itanyweka kabla hewa haijaiharibu, na kila mtu anajua kwamba siku moja zaidi ni siki.

Jambo hilo hilo, kwa nyenzo nyingine, liko Bukoba. Ndizi za pombe ya rubisi hukanyagwa na kuchachuka ndani ya gogo lililochongwa kwa umbo la mtumbwi, wazi kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba. Mtu anayezingatia sotet atastaajabu kuona eneo lote hilo limeachwa kwa hewa. Lakini mtumbwi ule ni chombo cha miguu: urefu wake ni urefu wa watu wanaokanyaga, kina chake hakizidi goti kwa sana, na muda wake ni mfupi. Kule Iringa ulanzi umefika mwisho mwingine kabisa. Utomvu wa mwanzi hudondokea ndani ya mbeta, kipande cha mwanzi kilichofungwa kwenye chipukizi lililokatwa, na kuanza kuchachuka palepale ukiwa bado unadondoka. Mdomo wa mbeta ni wa ukubwa wa chanzo chake, basi. Hakuna anayekoroga wala kukanyaga, na hivyo hakuna sababu ya upana.

Kuna umbo moja lililopotea karibu na Sigor ambalo nalitazama kwa heshima ya pekee: chungu cha maiywek, pombe ya wimbi ya wazee wa Kipsigis, na mirija yake mirefu. Wazee walikaa kuzunguka chungu, kila mmoja na mrija wake uliofungwa kichujio kidogo cha kusukwa kwenye ncha, wakanywa kutoka chombo kile kile ambacho pombe ilikuwa bado hai ndani yake. Mtindo huu ni wa zamani sana duniani. Huko Ur, katika Iraki ya leo, kaburi la malkia Puabi la miaka kama 4,500 iliyopita lilikutwa na mirija ya kunywea ya madini ya thamani, na Wateso wa Busia na mashariki mwa Uganda wanautumia hadi sasa kwa pombe yao, ajono. Husemwa kwamba mrija ni wa kukwepa makapi. Ni kweli, lakini utazame tena kwa upande wa hewa. Makapi ya wimbi yanayoelea juu yanaungana kuwa tabaka zito, na tabaka hilo ndilo kifuniko. Anayechota kwa kata analivunja kila anapochota. Anayenyonya kwa mrija anapita katikati yake, anachukua pombe iliyo chini, na kifuniko kinabaki kimeziba. Chungu chenye mdomo mpana kimepata mdomo mwembamba bila shingo, na badala ya mmoja kimepata mingi, kila mzee na wake. Sijui umbo jingine la kuchachushia linaloruhusu watu wengi kukaa mezani pamoja nalo bila kulidhuru.

Kwamba limepotea, sababu zinajulikana. Africa Gospel Church, lililokua kutokana na misheni ya Tenwek, limefundisha vizazi vya watu wa hapa kujiepusha na pombe, na nyumba nyingi za Sigor hazina chombo cha kuchachushia ila kile cha maziwa. Nawaheshimu. Upande wa serikali, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ilifuta sheria mbili za awali, ya leseni za vileo na ya kupiga marufuku chang'aa, na kuweka utengenezaji wote wa vileo chini ya leseni. Anayekusudia kupika aulize kwanza ofisi ya kaunti. Siwezi kumshauri kuhusu chombo huku nikimficha jambo hilo.

Kabla ya kurudi dukani, nataka tupande kidogo kuelekea kwenye majani chai, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tulikojifunza neno la kuchachusha likitumika kiwandani. Katika viwanda vya Kericho na Bomet, majani yakishasagwa hutandazwa tabaka jembamba juu ya kitanda kirefu kipana, na hewa yenye unyevu hupulizwa kupita ndani yake kwa saa moja au mbili mpaka kijani kinageuka rangi ya shaba. Pale hewa inatafutwa. Oksijeni ndiyo mpishi. Umbo lote linasema hivyo: hakuna kina, hakuna shingo, hakuna kifuniko, uso tu. Kijana aliyefanya kazi kwenye kitanda hicho akija kupika bia huleta mazoea yake, akiona ndoo iliyofungwa kuwa inanyima kitu pumzi. Aambiwe kwamba hamira inahitaji hewa mara moja tu, mwanzoni kabisa, ili izaane. Yatikise au uyakoroge maji ya kimea yaliyopoa, utie hamira, kisha funga. Baada ya hapo mahitaji ya bia na ya chai yanakwenda njia tofauti kabisa, na vyombo vyao ni kinyume cha kila kitu.

Basi mtungi wa manjano. Ni chombo kinachopatikana kila nyumba, ni imara, kina shingo nyembamba na kifuniko cha kukaza. Kwa nje kinaonekana kuwa mrithi wa sotet, na ndiyo sababu wengi hukichagua. Mimi nakikataa. Mpini wake una uwazi ndani, na uwazi huo umeungana na tumbo: povu hupanda humo, hukauka humo, na hakuna sosiot itakayopinda kona mbili kufika. Mabega yake ni bapa na yana pembe, mahali ambapo hamira na utomvu wa hopsi hugandamana. Umechukua shingo ya kibuyu na kuacha kijiti chake, umechukua uficho bila njia ya kuufikia. Juu ya hayo, mtungi wa manjano wa Kenya mara nyingi ulikuja na mafuta ya kupikia, na mafuta yaliyonata kwenye plastiki hayatoki yote. Harufu yake huingia kwenye bia na povu hufa. Ukiwa huna kingine, tumia mpya, na kubali kwamba utautumia mara chache kisha uurudishe kwenye maji.

Chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile ya lita karibu 19 inayogeuzwa juu ya mashine, ina mabega ya duara na haina pembe, na nyingine hazina mpini. Unaona ndani, na kuona ni faida: unajua povu limepanda wapi na masimbi yamekaa kiasi gani. Mwanga, hata hivyo, huharibu hopsi na kuipa bia harufu mbaya, kwa hiyo ivikwe gunia au iwekwe chumba cha giza. Ya glasi haipitishi hewa kabisa ukutani na haipati mikwaruzo, lakini ikijazwa inazidi kilo 20 na huteleza katika mikono yenye sabuni. Vidonda vya glasi iliyopasuka ni vibaya sana na sioni bia inayostahili gharama hiyo. Ya plastiki ni salama zaidi. Shingo yake inataka brashi ndefu iliyopinda, nayo inapatikana kwa wanaouza vifaa vya maziwa.

Pipa la buluu nalipita upesi. Lita 200 ni busaa ya arusi, si bia ya nyumbani. Na mapipa mengi yamekuja yakiwa yamebeba kemikali ambazo majina yake yameshafutika. La bati lililopakwa zinki ni baya zaidi, maana asidi ya pombe huiyeyusha zinki na wanywaji hutapika. Wala pipa likiwa safi halisaidii mpishi mdogo. Ukiweka lita 20 chini ya pipa hilo, juu yake kuna uwazi mkubwa wa hewa ambao gesi itachelewa kuusukuma nje.

Jambo la ukubwa linahitaji neno zaidi kwa sababu ya mahali tulipo. Nyanda za Bomet ziko juu, kiasi cha mita 1,900 na zaidi katika sehemu nyingi, na kwenye mwinuko huo maji huchemka karibu nyuzi 94 badala ya 100. Maji ya kimea yachemshwe kwa muda wa kutosha, na chombo kisitegemee maji ya moto pekee kwa usafi. Tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa. Usiku ni baridi. Hamira nyingi za bia ya kawaida hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22, na bia inayochachuka hutoa joto lake yenyewe, lakini chombo kidogo hulipoteza joto hilo upesi. Kwa umbo lile lile, chombo cha lita 5 kina uso wa kupozea zaidi ya mara moja na nusu kwa kila lita kuliko cha lita 20. Tena umbo la duara ndilo lenye uso mdogo kuliko yote kwa ujazo wake, na chungu na kibuyu, ambavyo vilikuwa na tumbo la duara, vilihifadhi joto kuliko ndoo ndefu nyembamba ingeweza. Kwa hapa Sigor ningechagua lita 20 za bia ndani ya chombo cha lita 25 au zaidi kidogo, ili robo au moja kwa tano ya nafasi ibaki kwa povu, na ningekifunika blanketi usiku wa Julai. Mombasa ningesema kinyume: chombo kidogo, ndani ya beseni la maji, kitambaa kibichi juu yake.

Ndoo yenye kifuniko, basi, ndiyo inayobaki mkononi baada ya kusoma vyote hivi, na inabaki kwa sababu ya mdomo wake. Mkono wote huingia. Kiganja hupita ukutani na kitakoni, na kinachoshika uchafu kinaonekana kwa macho na kuhisiwa kwa kidole. Mdomo huo mpana ungekuwa hatari kwa pombe ya wiki tatu kama kifuniko hakikazi, kwa hiyo ndoo ichaguliwe kwa kifuniko kwanza: kile chenye ufizi wa mpira au mzingo unaobana kwa kishindo kuzunguka pande zote. Katikati ya kifuniko toboa tundu, pitisha mpira mwembamba wa plastiki uliobanwa vizuri, na ncha yake ya nje izamishwe kwenye chupa yenye maji kidogo. Gesi hutoka kwa mapovu, hewa hairudi. Kwa mpira huo ndoo yenye mdomo wa busaa imepata shingo ya sotet. Plastiki iwe ya kuhifadhi chakula, yenye alama ya namba 2 ndani ya pembetatu kitakoni na isiyowahi kubeba rangi wala dawa. Isisuguliwe kamwe kwa waya wa sufuria, kwani kila mkwaruzo ni kona mpya. Plastiki hiyo hupitisha oksijeni kidogo kidogo kupitia ukuta, na kwa hiyo bia isikae humo miezi. Wiki tatu, kisha chupani.

Wauzaji wa Nairobi wataonyesha pia chombo cha chuma cha pua chenye kitako cha pia, kama yale matangi makubwa ya viwanda vya bia, umbo lililosajiliwa na Leopold Nathan zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni umbo zuri. Masimbi yote huteremka hadi nchani na kutolewa kwa koki bila kuigusa bia iliyo juu. Lakini uzuri huo unatokana na urefu wa tangi la kiwanda na uzito wa bia ndani yake. Kwenye lita 20 pia hiyo ni fupi, masimbi hushikamana ubavuni, na koki inaongeza nyuzi za skrubu ambazo ni lazima zifunguliwe na kuoshwa kila mara. Kwa bei yake mtu atanunua shayiri ya kimea kwa muda mrefu sana, na shayiri yenyewe hailimwi mbali. Mau Narok iko upande wa pili wa kilima.

Kinachonikera ni kwamba chombo ninachokitaka kinaweza kutengenezwa na kiwanda chochote kinachofinyanga mitungi ya maji. Kila kipande tayari kipo mahali fulani. Ninataka chombo cha lita 28, mdomo wa upana wa kupitisha mkono uliokunja ngumi hadi kiwiko na usizidi hapo, mabega ya duara, tumbo pana kuliko kitako, kitako kilichopinda bila pembe, mpini usio na uwazi ndani, na kifuniko cha skrubu chenye tundu moja la mpira katikati. Rangi isiyopitisha mwanga. Kingefaa bia, kingefaa maziwa ya mgando ya mama asiyetaka tena kuhangaika na kibuyu kilichopasuka, kingefaa togwa ya mgeni kutoka Songea. Na kiuzwe na brashi yake, imefungwa ubavuni kwa ukanda, kwa bei moja.